Pumzi ya Upande Mmoja

Aibu hii ningeweza kuificha kama isingekuwa na video. Lakini video ipo, ina urefu wa chini ya dakika moja, na nadhani nusu ya Tabora wameshaiona, wakiwemo wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, ambao tangu siku ile wakiniona nakuja kwenye korido wanajifanya wamepaliwa na maji. Kwa hiyo nimeona nisimulie mwenyewe, maana video inaonyesha mtu mzima wa miaka hamsini na moja, mwenye kitambi na shahada mbili, akitapatapa kwenye maji yanayomfika kifuani, basi. Haionyeshi kwamba yule niliyemwangusha alikuwa nani kwangu, wala haionyeshi kwamba mambo yote yalianza na uamuzi mdogo ambao hata hauonekani kwa macho: niliacha kupumua upande wa kushoto.

Nianze na mgongo. Mgongo wangu ulikataa kazi baada ya miaka ishirini na kitu ya kukaa kwenye viti vya chuo, na daktari akaniambia niogelee. Nilimcheka. Mimi ni mtu wa Nzega, maji mengi kuliko yote niliyoyaona utotoni yalikuwa ya lambo la ng'ombe, na humo hatukuogelea, tulichota tukaenda zetu. Hata nilipokuwa chuo kikuu Dar es Salaam, miaka mitatu, bahari niliitazama kwa mbali kama mtu anavyomtazama askari wa barabarani (unamheshimu, humsogelei). Lakini mgongo ulizidi, nikakubali, nikapelekwa kwa Mwalimu Salha.

Mwalimu Salha ni mtoto wa mjini hapa, ukoo wao ni wa wale Waarabu wa Oman waliokuja na misafara wakafungua maduka wakasahau kurudi, na mpaka leo kaka zake wanauza vitambaa. Yeye alilelewa na shangazi yake Kigoma, akaogelea ziwani mpaka akawa kama samaki, akaenda Dar es Salaam kusomea ukocha, kisha akarudi Tabora, mji usio na ziwa wala bahari, akakuta bwawa moja la kuogelea kwenye hoteli moja (jina lake silitaji, meneja wake ana mawakili) ambalo walikuwa wanalitumia zaidi kupigia picha za harusi. Akapewa ruhusa ya kufundisha asubuhi, kabla wageni hawajaamka. Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho, kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili na nusu aliniamkia shikamoo, mimi nikaitikia marahaba kwa sauti nzito ya mkubwa, halafu akaanza kunifokea.

Alinifokea akiwa nchi kavu. Majini hakuingia palipokuwa na mwanamume, alisimama ukingoni na baibui lake, mkononi ana mpini wa fagio, na mpini huo ndio uliokuwa ukinigusa kiwiko kila kiliposhuka. Kiwiko juu, kichwa kitulie, macho yatazame chini, na pumzi kila mkono wa tatu: unavuta maji kwa mkono mmoja, wa pili, wa tatu, unageuza uso kidogo unapumua, halafu unaanza tena, na kwa hesabu hiyo ya tatu pumzi moja inaangukia kulia na inayofuata kushoto, kulia, kushoto, mpaka mwisho wa bwawa. Nikiwa sijachoka nilikuwa napendeza. Nasema hivi bila kujisifu, Salha mwenyewe alisema. Tatizo lilikuja aliponiongezea mzigo, mara kumi kwenda na kurudi, mapumziko ya kuvuta pumzi nane tu, na kufikia mara ya sita mapafu yanawaka na mikono imekuwa ya mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoanza wizi wangu. Niliiacha tatu nikaingia mbili, maana ukipumua kila mkono wa pili unapata hewa nyingi zaidi, ila pumzi zote zinaangukia upande mmoja, nami upande wangu ni kulia.

Aliniona siku ya kwanza tu. Mpini ukapiga maji karibu na sikio langu.

"Mwalimu, kushoto kuna nini, kuna simba?"

Nikashika ukingo, nikamwambia nimechoka, na kwamba muhimu ni kufika. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba ukipumulia kulia tu mkono wa kushoto unabaki mbele kushikilia mwili, unakuwa mlegevu, wa kulia unavuta kwa nguvu zake zote, na mwili unakwenda kombo kuelekea kushoto, kule kule unakokukimbia. Ukipumulia kushoto tu, unakwenda kombo kulia. Kwenye bwawa lisilo na kamba za kutenganisha njia, kama lile, utaishia ukutani. Kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu:

"Uchovu ni wako, mtindo ni wangu. Ukichoka punguza mwendo. Ukiona mtindo unakutoka, simama. Sitaki kumaliziwa kwa fujo."

Mimi msomi nikaona hii ni falsafa ya watu wa michezo. Nikaitikia, nikaendelea kuiba kila alipogeuka.

Sasa, Salha alikuwa na jambo lake. Alitaka Jumamosi asubuhi ziwe za wanawake watupu, bwawa lizungushiwe turubai, wahudumu wa kiume wakae mbali. Alikuwa na orodha ya majina kumi na nane, walimu, wauza nguo wa sokoni, sista mmoja wa upande wa Kipalapala, wake za wafanyabiashara, wamama wenye visukari na mapresha ambao daktari yule yule aliyenituma mimi alikuwa amewatuma na wao, ila wao wasingeweza kuvua mbele ya wanaume. Orodha hiyo alinionyesha siku moja, akanipa mkononi kabisa. Nikaipitia kama nipitiavyo mahudhurio ya wanafunzi, nikamrudishia, nikamwambia vizuri sana. (Kumbukeni hiyo karatasi.)

Meneja alimzungusha miezi. Ni mtu mpole, anayetabasamu, na kila alipokataa alikataa kwa upole. "Mimi akina mama sina tatizo nao," alisema mbele yangu. "Tatizo langu ni maji." Alihofia mtu azame hoteli ipate jina baya. Mwisho akakubali jambo moja: aonyeshwe mtu mzima ambaye hakuwa anajua kitu, amefundishwa na Salha peke yake, aogelee mita mia mbili, yaani urefu wa bwawa mara nane, bila kutia watu hofu. Akifanya hivyo Jumamosi ni za wanawake. Asipofanya, mafunzo yote yasimame, maana atakuwa amejua kwamba ni ya hatari.

Na wanawake wenyewe ndio wasingeweza kuogelea mbele ya meneja, ndiyo sababu ya maombi yote. Salha alikuwa na mwanafunzi mmoja tu wa kiume aliyefikia mita mia mbili. Mnamjua.

Niliahidi. Nilivimba hata. Nikamwagiza mwanafunzi wangu aliyekuwa Dar es Salaam aniletee nguo ya kuogelea ya kisasa, maana mazoezini nilivaa bukta ya kufika magotini ambayo ikilowa inavuta kama nanga. Aliyoniletea ilikuwa nyeusi, ya kubana, na kwa ukubwa ingetosha kufungia nusu kilo ya karanga. Kalunde, mke wangu, alipoiona juu ya kitanda aliuliza kama hiyo ni ya kuvaa au ni ya kufutia miwani. Halafu akasema, "Vaa tu ile bukta yako, baba Neema." Sikumwuliza kwa nini. Nilidhani ni wivu.

Hapa lazima niwaambieni kuhusu mama mkwe wangu, ingawa jina lake sitalitaja, hata kwa maandishi, kwa sababu halitajwi na mkwe. Anakaa Isevya, anauza asali na karanga barazani kwake, na ni Mnyamwezi wa zamani aliyebaki peke yake kwenye kundi la wajukuu wenye simu. Mimi ni nkwilima wake, yaani mume wa binti yake, na kwa desturi yake mimi na yeye hatutazamani usoni, hatukai chumba kimoja, hatupeani kitu mkono kwa mkono. Kwa miaka ishirini na sita ameongea nami kupitia mtu mwingine hata nikiwa hatua tatu kutoka kwake. Mwambieni mkwe chai ipo. Muulizeni mkwe watoto wanaendeleaje. Nami najibu vile vile, mwambie mama hawajambo. Kalunde katikati anageuza shingo huku na huku kama mtazamaji wa mpira. Wadogo zake wanacheka, wanasema mambo ya kale. Mimi nilikuwa nayapenda. Sijawahi kugombana na mama mkwe wangu, na nawajua wanaume wachache wanaoweza kusema hivyo.

Magoti yake yameharibika. Ametembea kwa fimbo miaka mingi, na nilipokwenda Usinge kwa kazi ya chuo nikamnunulia mkongojo wa mninga, mwekundu, fundi ameuchonga kichwa cha ndege kwa juu. Nikampa Kalunde, Kalunde akampa yeye. Jibu likarudi kwa njia ile ile: mwambieni mkwe nimepata mguu wa tatu.

Jumamosi yenyewe ikafika. Nilitoka chumba cha kubadilishia nguo nimejifunga kitenge, nikakuta meneja na watu wake wawili wamesimama upande wa kina kirefu, na upande mmoja wa bwawa, karibu na kina kifupi, viti vya plastiki vimepangwa chini ya turubai na wanawake wengi wamekaa, mitandio, kanga, madera, sikumtazama mmoja mmoja (huwa sina tabia hiyo, na isitoshe bila miwani yangu ya kawaida naona rangi tu). Salha akaniamkia. Hakunifokea. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Polepole, mwalimu. Leo hakuna anayekukimbiza." Nikavua kitenge nikaingia majini haraka.

Mara ya kwanza na ya pili nilikuwa kitabu. Mkono mmoja, wa pili, wa tatu, kulia. Mmoja, wa pili, wa tatu, kushoto. Nilisikia mtu anapiga makofi. Mara ya tatu naelekea kina kirefu, viti viko kushoto kwangu, nikageuza uso kushoto kuvuta pumzi, na kupitia miwani ya kuogelea yenye matone nikaona, kwa muda wa pumzi moja, kanga ya njano na kando yake mkongojo mwekundu wenye kichwa cha ndege.

Nataka mnielewe. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na sita hajaniona hata nikinywa maji, alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwangu, nami niko tumbo chini kwenye maji maangavu na ile nguo ya nusu kilo. Sikujiuliza amekuja kufanya nini. Nilijiuliza anaona nini. Na hapo, chini ya maji, nikaamua: sitageuka upande ule tena.

Ni uamuzi mdogo. Nikaingia mbili, nikapumulia kulia tu, upande wa ukuta mtupu, nikaona nafuu. Nikageuka mwisho wa bwawa kurudi. Na kurudi, ndugu zangu, pande zinabadilika. Viti sasa viko kulia, upande wangu mzuri, na mimi nikabaki na kushoto peke yake, upande ambao sikuwahi kuutegemea maishani. Nikanywa maji. Nikakohoa humo humo. Nikanyanyua kichwa kutafuta hewa, na kichwa kikinyanyuka miguu inazama, na miguu ikizama mikono inapiga maji badala ya kuyavuta, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kumaliza ili nitoke machoni pake nikaongeza mwendo. Nikamaliza ya nne hivyo. Nikaenda ya tano. Nilimsikia Salha akiita "Simama, simama hapo," akitembea ukingoni na mpini wake, na mimi nikajisemea nikisimama atanitazama nimesimama, afadhali anitazame nikiwa nimelala.

Mara ya sita narudi, napumulia kushoto, mwili unakwenda kombo kulia kama nilivyoambiwa mwezi mzima, nami sijui, macho yamejaa maji kwa sababu miwani ilikuwa imehama ikakaa shavuni. Niliamini niko katikati ya bwawa. Bega likagonga ukuta. Nikashtuka nikavuta pumzi, na nilichovuta kilikuwa maji, na hapo akili yote ya shahada mbili ikanitoka. Sikumbuki kelele, kwenye video ndiyo nimezisikia, wanawake wanasema anazama, anazama jamani. Nakumbuka mkono wangu ukipapasa juu na kukutana na kitu kirefu cha mti. Nikajua ni mpini wa Salha, umekuja kuniokoa. Nikaushika kwa mikono miwili nikavuta.

Haukuwa mpini wa Salha. Uzito ukaja mara moja, kivuli cha njano kikapita juu yangu, na maji yakafunguka kando yangu kwa kishindo.

Hapo ndipo nikasimama. Ndiyo, nilisimama. Tulikuwa kina kifupi, maji yalinifika kifuani, muda wote ule ningeweza kusimama. Nikafuta macho, mkononi nimeshika mkongojo wa mninga, na mbele yangu, amenipa mgongo, amesimama mama mkwe wangu, mtandio umemtoka, kanga imetanda juu ya maji pande zote. Hakupiga kelele. Hakugeuka. Mikono alikuwa ameiweka wazi juu ya maji kama mtu anayepima kitambaa, na alisimama hivyo, ametulia, mpaka Salha alipojitupa majini na baibui lake lote, mbele ya meneja na watu wake, yeye ambaye hajawahi kuingia majini palipo na mwanamume, akamshika. Wanawake wakazunguka kwa kanga kumficha. Wakamtoa. Kalunde alikuwa katikati yao (ndiye aliyemleta, sikuwa nimemwona na yeye pia), na alinitazama mara moja tu.

Basi angalau ningetoka nikaongea na meneja. Ningemwambia kosa ni langu, mwalimu aliniambia mara tatu nisimame, mimi ndiye sikusikia. Maneno hayo ningeyasema vizuri, ndiyo kazi yangu, kusema. Lakini mama mkwe alikuwa bado ameketishwa pale ukingoni anafunikwa mataulo, kitenge changu kilikuwa upande ule ule, na mimi chini ya maji nilikuwa na ile nguo. Nikachuchumaa mpaka maji yakanifika kidevuni. Nikakaa hivyo kama kiboko. Na kutoka pale nikasikia kila neno, meneja anamwambia Salha, kwa upole wake ule ule:

"Umeona mwenyewe, mwalimu. Nilikwambia ni maji."

Salha alikuwa anachuruzika. Alitazama upande wangu. Alinipa nafasi, nadhani. Nami nikatazama maji.

Wiki ile ile tangazo likabandikwa mlangoni, mafunzo yote ya kuogelea yamesitishwa. Wageni wa hoteli na wanachama wa bwawa wanaruhusiwa kama kawaida. Mimi ni mwanachama. Nilimwandikia meneja barua ya kurasa tatu, nikaeleza kila kitu, hata habari ya mbili na tatu. Akanijibu kwa sentensi mbili, ya kwanza ya shukrani. Vijana wakanibatiza Mwalimu Kambale, samaki wa topeni, na jina limekaa vizuri, silipingi.

Nyumbani Kalunde hakunigombeza, na ingekuwa nafuu. Alinieleza siku ya tatu, akikunja nguo. Jina la mama yake lilikuwa la tatu kwenye ile orodha niliyoipitia kwa macho. Daktari alishamwambia magoti yake yanataka maji, kwamba majini mtu anatembea bila kubeba mwili wake, na yeye ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba Isevya kuwashawishi wenzake. Hakutaka niambiwe. Alisema mkwe ataona haya. Na siku yenyewe aliomba kiti chake kigeuzwe.

"Kigeuzwe vipi?" nikauliza.

"Alikaa anatazama ukuta, baba Neema. Aliligeuzia bwawa mgongo tangu ulipoingia. Alikuwa ananiuliza mimi, amefika wapi, anapumua vizuri."

Nilikaa chini. Akaendelea, hakunihurumia. Waliposema anazama, mama yake hakuweza kugeuka, kwa sababu ni mimi, na hakuweza kukaa tu, kwa sababu ni mimi. Kwa hiyo akaunyoosha mkongojo kwa nyuma, bila kutazama, kuelekea kwenye sauti.

Kwa hiyo yale macho niliyoyakimbia urefu wa bwawa mara nne hayakuwepo. Nilichokiona ni kanga na fimbo, macho niliyaongeza mwenyewe.

Jumapili ya pili yake tulikwenda Isevya kuomba radhi. Nilikuwa nimeukausha ule mkongojo kivulini, nikaupaka mafuta ya mawese. Nikakaa kwenye kigoda uani, upande wa nje wa ukuta, yeye yuko ndani nyuma ya pazia, Kalunde mlangoni. Nikasema mwambie mama nimekuja kuomba msamaha kwa yote. Kalunde akasema. Nikasikia karanga zinachambuliwa kwenye ungo.

"Muulize mkwe, yeye hakuumia?"

Mwambie mama sikuumia.

"Mwambie mimi sikumwona. Asijisumbue. Wengine wamesema habari ya nguo, mimi nguo sikuiona."

Nikasema mwambie mama nashukuru. Nilidhani yameisha, nikaanza kunyanyuka. Ungo ukasimama.

"Muulize mkwe, yeye amesoma. Pale majini magoti hayakuniuma. Nilisimama bila fimbo, tena sikutaka kutoka, mlinitoa ninyi. Muulize, ni yale maji ya hoteli tu, au hata ya kwenye pipa yanaweza?"

Kalunde alinigeukia anisubiri, kama desturi. Nilitazama lile pipa la maji ya mvua pale uani kwake, la bluu, limekatwa juu, mtu mzima anaweza kusimama ndani yake kama mshumaa. Nilikuwa na uwongo mzuri mdomoni. Nikasema mwambie mama ni lazima yawe mengi.

Kalunde akasema. Ndani ungo ukaanza tena.

"Haya. Mwambieni ahsante."

Salha nakutana naye mjini, dukani kwa kaka zake. Ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, halafu basi, hanifokei. Nami bado naogelea, sitadanganya, mgongo hauna haya. Nimerudi kwenye bukta yangu ndefu, na nimejiapiza sitaingia mbili tena, hata mapafu yapasuke. Ninapochoka nasimama pale pale, katikati ya bwawa, mbele ya wageni wanaokunywa chai, mpaka mtindo unirudie. Ni mtindo mzuri sasa, hata meneja amenisifu. Mkono mmoja, wa pili, wa tatu, kulia, na hapo naona taulo langu. Mmoja, wa pili, wa tatu, kushoto, na kushoto kuna kiti cha plastiki ambacho mpaka leo kimetazama ukuta.